Kabla ya kuharakisha MRI ya kuta za mishipa ya damu, zingatia haya

Usalama kwanza: muulize mgonjwa kuhusu betri ya moyo, klipu za mishipa ya ubongo na vipande vya chuma machoni. Simu, vito na kadi za benki vibaki nje. Kama atachomwa gadolini (dawa ya kung'arisha picha), majibu ya figo yawe yamesomwa, na kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) iwekwe kabla hajalala mezani. Dozi ya kawaida ni 0.1 mmol kwa kila kilo ya uzito.

Tumia mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 3 kama ipo. Ukuta wa karotidi (mshipa mkubwa wa shingoni) yenye afya hauzidi milimita 1 hivi, na wa mishipa ya ndani ya fuvu ni kama 0.2 hadi 0.3, yaani mwembamba kuliko hata vokseli (kipande kidogo kabisa cha picha) ya milimita 0.5. Usikimbilie vokseli ya 0.7 ili kuokoa muda. Ujazo wake ni karibu mara 2.7 ya ile ya 0.5, na ukuta humezwa humo pamoja na damu na mafuta ya jirani. Koili ya shingo, yaani kifaa cha kupokea ishara, ikae karibu kabisa na ngozi.

Mgonjwa ameze mate kabla ya kuanza, kisha ajizuie kadiri awezavyo. Akigeuza shingo baada ya picha ya kupimia koili, irudie. Haimalizi hata dakika. Usipoirudia, picha nzima itajaa vivuli vilivyokunjamana.

Sasa kiwango chenyewe cha kuharakisha: kiwango cha 3 ni kuchukua karibu theluthi tu ya data, nyingine zikajazwa na programu. Hapa ndipo watu huumia, na huwa hivi. Mgonjwa alipimwa mara ya kwanza kwa kiwango cha 3, dakika 10. Miezi 6 baadaye anarudi, foleni ni ndefu, mtu anapandisha kiwango hadi 8 na kuongeza nguvu ya kusafisha chengachenga. Picha inatoka kwa dakika 4 hivi, laini, inapendeza. Daktari anapima ukuta, anaona umenenepa, anahitimisha kuwa dawa ya kolesteroli haifanyi kazi, anaongeza dozi. Ukuta haujanenepa hata kidogo. Programu ilijaza data ambazo hazikuchukuliwa kwa kudhani kuwa picha haina mabadiliko mengi ya ghafla, na ukuta mwembamba ni badiliko la ghafla. Kingo zikatawanyika.

Kwa SENSE au GRAPPA, mbinu za kuharakisha kwa kutumia koili nyingi, hasara unaiona kwa macho: ukiharakisha mara 4, ishara dhidi ya chengachenga hushuka hadi nusu au chini yake. Mbinu za kujaza data kwa hesabu huificha hasara hiyo chini ya ulaini. Kwa hiyo mpime mtu mmoja wa kujitolea, kikao kimoja, bila kumwinua mezani: kwanza kwa kiwango cha chini, kisha 4, 6, 8. Pima unene wa ukuta mahali palepale kila mara. Unapoanza kubadilika, umepita kikomo. Rudi hatua moja na ufunge protokali hiyo. Mgonjwa wa marudio apimwe kwa namba zilezile za mara ya kwanza, hata kama umeshapata namba bora zaidi.

Kuizima damu, yaani kuifanya ionekane nyeusi, nako kusiachwe. Pale karotidi inapotanuka, mahali inapogawanyika, damu huzunguka polepole na mng'ao wake hung'ang'ania ukutani kama utando wa mafuta. Washa DANTE au iMSDE, mbinu za kuizima damu, ulinganishe na picha ya TOF, ambayo damu inayotembea hung'aa. Baada ya gadolini kuwa mkali zaidi, kwa kuwa damu inayokwenda polepole huponyoka kirahisi na kuonekana kama ukuta uliovimba. Picha ya kabla ya sindano lazima iwepo.

Andika namba za protokali ndani ya ripoti. Hifadhi data ghafi kama nafasi ipo. Programu ya mashine ikisasishwa, rudia jaribio la mtu wa kujitolea kabla ya kumpima mgonjwa yeyote wa marudio. Na doa lililoonekana kwenye mkato mmoja tu, bila kuonekana kwenye mwelekeo wa pili, lisiandikwe kuwa ugonjwa.