Sarafu ya kale ya bei poa mtandaoni: namna ninavyoikagua

Jamaa mmoja anayeishi Muscat alinitumia picha za sarafu ya bundi wa Athens, ile ya fedha ya Wagiriki wa kale yenye picha ya bundi, aliyoinunua mtandaoni kwa dola 25. (Bundi kwao alikuwa ndege wa Athena, mungu wao wa kike, si uchuro kama kwetu.) Mimi picha zilinitosha kuona ni bandia, ila yeye alitaka ushahidi wa kushika mkononi, ikabidi tuipitie kwa simu hatua moja moja. Nimeweka hapa tulivyofanya, pamoja na yanayohusu shaba ndogo za Kirumi, maana wengi huanzia huko.

Vifaa: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku, kikombe cha plastiki na mshipi mwembamba wa kuvulia. Programu za simu zinazodai kutambua sarafu kwa picha mimi sizitaki. Zitakutajia jina la mfalme, lakini kama sarafu imetengenezwa mwaka jana, hilo hazikwambii.

Hatua ya 1: Anza na bei

Kuna rahisi ya haki na rahisi ya mtego. Shaba za karne ya 4, za mfalme wa Kirumi Constantine na wanawe, ziligongwa kwa mamilioni na bado zinachimbuliwa: zile zenye askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, au askari anayemchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka, FEL TEMP REPARATIO. Hizo kwa dola 5 hadi 20 ni bei yake ya kawaida. Mghushi hana faida kubwa hapo, ingawa bandia huchomekwa kwenye mafungu ya sarafu zisizosafishwa.

Bundi wa Athens au tetradrakma (sarafu ya fedha ya drakma nne) ya Alexander Mkuu ni habari nyingine. Ya kweli huuzwa kwa mamia ya dola. Anayekuuzia kwa 25 ama hajui alichonacho ama anajua sana, na wa pili ndio wengi.

Cheti alichokichapa muuzaji mwenyewe usikihesabu. Hata huko juu karatasi hughushiwa: sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, yenye majambia mawili na maneno EID MAR, iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3, baadaye ikabainika historia ya umiliki wake ni ya kutunga, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sarafu yenyewe haikuwa bandia. Karatasi ndizo zilizokuwa za uongo.

Hatua ya 2: Uzito na kipenyo

Bundi wa karne ya 5 kabla ya Kristo alikusudiwa gramu 17.2, wengi waliobaki wana 16.8 na kuendelea. GLORIA EXERCITVS yenye bendera mbili huwa kama gramu 2.5, na ile ya bendera moja, iliyokuja karibu na mwaka 336, ni kama 1.5. Fedha ya Kigiriki ilipimwa kwa makini, kwa hiyo gramu mbili pungufu ni kesi. Shaba ya Kirumi usiihukumu kwa uzito peke yake.

Hatua ya 3: Sumaku

Ikinata, rudisha.

Hatua ya 4: Ukingo

Isimamishe, uizungushe taratibu chini ya lenzi. Sarafu ya kusubu, yaani iliyomiminwa ikiwa imeyeyuka, kwenye kalibu ya vipande viwili mara nyingi huacha mstari ukingoni, au alama za tupa iliyotumika kuuficha mstari huo. Usoni utaona vitundu vidogo vya hewa, na herufi zenye mabega ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo huwa na mipasuko midogo ukingoni, mahali madini yalipotanuka.

Usikimbilie kuhukumu, lakini. Vile vishaba vya Alexander Yannai, mfalme wa Yudea, vinavyouzwa kwa jina la senti za mjane wa Injili, vipande vyake vilisubiwa kwa minyororo kwenye kalibu za mawe kabla ya kugongwa, kwa hiyo kijimkia ukingoni ni halali. Nazo sarafu za shaba za China zenye tundu la mraba karibu zote ni za kusubu.

Hatua ya 5: Kupima ndani ya maji

Hapa ndipo watu hukwama. Hesabu yenyewe ya shule ya msingi, mikono ndiyo huharibu.

Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa mshipi, uizamishe yote bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, umepata densiti. Fedha safi ni 10.49, shaba nyekundu 8.96, bati kama 7.3, risasi 11.34.

Bundi wa yule jamaa alikuwa na gramu 16.90, uzito mzuri tu, na hapo akaanza kuchangamka. Majini mizani ikasoma 1.90. Gawanya: 8.9. Fedha ya Athens ilikuwa karibu safi, ingepaswa kutoa 1.65 au pungufu. Alichonacho ni shaba, pengine yenye nikeli, iliyopakwa fedha. Kuna bundi waliofanywa wanene kidogo ili uzito utimie, na mizani kavu haiwezi kuwakamata.

Sasa vikwazo. Mizani nyingi za mfukoni hubeba gramu 200 tu. Glasi nzito ikijaa maji inapitiliza, ndiyo maana nasema kikombe cha plastiki. Uzi wa pamba unanyonya maji na namba inatembea mbele ya macho yako, tumia mshipi. Usishike mshipi kwa mkono, mkono hutetemeka: ufunge kwenye kijiti kilicholazwa juu ya vitabu viwili, bila kugusa mizani. Mapovu yakiganda kwenye nywele za Athena, ambaye kichwa chake kiko upande wa pili wa bundi, densiti inashuka na utamsingizia muuzaji bure. Tia tone moja la sabuni ya maji, uitikise sarafu. Zima feni. Rudia mara tatu, na majibu yakipishana sana, tatizo ni mpangilio wako.

Kwa shaba ndogo usijisumbue. Sarafu ya gramu 2 husukuma maji ya gramu 0.23 hivi, na mizani ikikosea 0.01 tu densiti inaruka kati ya 8.3 na 9.1. Isitoshe shaba ya Kirumi ya karne ya 4 ilichanganywa risasi kwa viwango tofauti.

Na matokeo yenyewe yana pande mbili. Densiti nzuri haithibitishi ukale, maana waghushi hodari hutumia fedha halisi. Densiti mbaya nayo haithibitishi upya: hata zamani walikuwepo matapeli, walioviringisha ngozi ya fedha juu ya kiini cha shaba, na kazi zao leo zina wanunuzi wake. Ukiona ngozi imebanduka na kutu ya kijani inatoka ndani, muulize mzoefu kabla ya kurusha tusi.

Kama unataka mazoezi, azima ile riale ya Maria Theresa iliyomo kwenye sanduku la bibi. Yake inajulikana: gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1000, densiti kama 10.2. Majini isome karibu 2.75. Ukiipata hiyo, mkono wako uko sawa.

Hatua ya 6: Tafuta pacha

Ningebakiziwa hatua moja, ningechagua hii. Tafuta aina hiyo hiyo kwenye acsearch, tovuti yenye kumbukumbu za minada ya sarafu, na kwa Warumi OCRE, orodha ya mtandaoni ya American Numismatic Society. Sarafu mbili kuwa na mchoro mmoja mpaka unywele si kosa, chuma kimoja cha kugongea kilitoa maelfu. Lakini umbo la kipande, mpasuko ukingoni, mkwaruzo shavuni: hivyo kila sarafu ina vyake. Ukikuta mbili zenye mpasuko ule ule mahali pale pale, angalau moja ni nakala ya kusubu, na mara nyingi zote mbili. Bundi wa Muscat alikuwa na ndugu zake kwa wauzaji kadhaa, wote na pengo lile lile chini ya kidevu.

Hatua ya 7: Kutu

Chovya pamba kwenye asetoni safi, futa pembeni kidogo. Rangi ya kijani ikihamia kwenye pamba, ilipakwa. Mchanga ulioganda kwenye mabonde yote kwa usawa unaovutia mno macho, huo nao ujaribu. Ukilainika kwa asetoni ulibandikwa kwa gundi.

Ndimu na jivu waachie masinia ya shaba. Sarafu iliyosuguliwa hivyo imepoteza ushahidi na bei, na muuzaji ana sababu ya kukataa kuipokea. Mtumie picha za mizani, za ukingo na za pacha kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Wanaouliza kuhusu sarafu za Kilwa, zile za shaba zenye jina la sultani Ali bin al-Hasan: nchini Tanzania vitu hivyo viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kuviuza au kuvisafirisha nje kunataka kibali. Kwa hiyo ukiiona inauzwa, swali la kwanza ni kibali kiko wapi. Maji na mizani baadaye.