Pakiti nane kwanza, friji baadaye: kujaribu wazo la biashara mjini Kisumu

Wazo lenyewe ni hili: kuuza osuga (mnavu, au managu kama wengi wanavyoiita) iliyokwisha kuchambuliwa, kwa watu wa ofisi za katikati ya mji wasio na muda wa kukaa na sinia jioni. Kabla ya friji, nembo au programu ya simu, tengeneza bidhaa ya kujaribia, yaani kile kitu kidogo kabisa ambacho mtu anaweza kukilipia. Hapa ni gramu 250 za majani ndani ya chombo chenye kifuniko. Mboga iwe moja tu. Ukianza na osuga, dek (mgagani) na kunde kwa pamoja, hutajua ipi iliuza na ipi ilikula faida. Sukuma wiki iache kabisa; mama mboga humkatia mteja bure akisubiri, na hapo huna la kuongeza.

Kabla hujanunua chochote, andika dhana yako kwenye daftari kwa nambari: “Kati ya watu 20 nitakaowaambia, 8 watalipa kabla ya kuletewa, na 5 kati yao wataagiza tena wiki ijayo bila kusukumwa.” Nambari inayoandikwa baada ya mauzo hujipendelea.

Sasa mizani. Mboga hununuliwa kwa fungu lakini wewe utauza kwa gramu, na wengi huumia hapo hapo. Nunua soko la Kibuye au la Jubilee asubuhi, pima fungu likiwa na mashina, chambua huku unaangalia saa, kisha pima majani peke yake. Rudia siku nyingine, kwa muuzaji mwingine, maana fungu la huyu si fungu la yule. Tuseme mafungu ya shilingi 400 yametoa kilo 2 za majani, yaani pakiti 8. Kila pakiti ina mboga ya shilingi 50. Umechambua kwa saa 2; jilipe shilingi 80 kwa saa, hata kama mikono ni yako, na hiyo ni 20 kwa pakiti. Chombo 12. Bodaboda 160 kwa safari, 20 kwa pakiti. Jumla ni shilingi 102. Aliyepanga kuuza 80 kwa sababu “mboga ni rahisi” anapoteza 22 kila anapouza, na wateja wakiongezeka ndivyo anavyozama. Kwa 130 unabaki na 28. Bodaboda huyo huyo akibeba pakiti 16 kwa safari moja, nauli inashuka hadi 10 kwa pakiti. Ndiyo maana jaribio lifanyike kwenye jengo moja au mawili yanayokaribiana, tuseme kando ya barabara ya Oginga Odinga, siku moja ya wiki. Mteja wa Milimani na wa Mamboleo, mitaa isiyokaribiana, kwa safari moja watakumalizia hesabu.

Usiulize watu, “Ungenunua?” Watasema ndiyo, Mkenya hapendi kumvunja mwenzake moyo. Uliza mara ya mwisho walipopika osuga ni lini, nani aliichambua, na ilichukua muda gani. Kisha weka picha na bei kwenye WhatsApp: malipo kwa Pochi la Biashara (huduma ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo) kabla ya Jumanne saa kumi na mbili jioni, mzigo Jumatano saa kumi alasiri. Asiyelipa hahesabiwi. Ndugu, jamaa wa chama na wa kanisani nao wauzie ukipenda, ila waandike kwenye ukurasa wao peke yao. Wananunua uso wako.

Usioshe majani kabla ya kuyafunga. Yakifungwa na maji huoza upesi, na hata yakiwa makavu bado yanapumua na kutoa joto, kwa hiyo toboa kifuniko matundu machache na mwambie mteja wazi kwamba ataosha mwenyewe. Mfuko wa nailoni wa kubebea usiuguse. Umepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017.

Endesha mizunguko minne. Usibadilishe bei na ujazo vyote viwili katika wiki moja, hutajua kilichomfukuza mteja. Kumbuka pia msimu: mvua za Machi hadi Mei hujaza soko mboga na kushusha bei, kwa hiyo faida ya Mei usiitarajie Januari, wakati wa kiangazi.

Mwisho wa wiki ya pili, mpigie kila aliyenunua mara moja akanyamaza. Usimuuzie kitu. Muulize ile mboga aliipika siku gani. Akisema ilikuwa chungu, pengine ulichanganya mafungu ya wauzaji tofauti. Akisema iligeuka manjano, chunguza saa ulizochelewa kati ya soko na mlango wake. Akicheka na kusema bado iko kwenye friji, kinachomshinda ni kupika, na jaribio linalofuata ni osuga iliyokwisha kuchemshwa. Hiyo tayari ni chakula kilichopikwa: pitia kwanza ofisi ya afya ya umma ya kaunti, uulize kuhusu leseni na cheti cha kupimwa afya cha wanaoshika chakula, kabla ya kuwasha jiko.