Besi wa Naivasha: anza na chambo, rili iwe ya mwisho

Wengi hununua rili, yaani kifaa cha kuzungushia mshipi, kwanza kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani, kisha hutafuta fimbo ya kuifunga, na mshipi unakuwa wowote uliopo kwenye rafu. Seti ya namna hiyo hairushi mbali, haikufikishii mguso wa samaki mkononi, na hukatikia kwenye mafunjo. Fuata mpangilio wa kinyume: chambo kwanza, halafu mahali kitakapotua, halafu mshipi, halafu fimbo. Rili ndiyo ya mwisho.

Samaki mwenyewe ni besi wa mdomo mkubwa, mzaliwa wa Amerika Kaskazini, aliyeletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Si samaki wa kutisha kwa uzito. Yule wa rekodi ya dunia, aliyevuliwa na George Perry huko Georgia mwaka 1932, alikuwa na kilo 10 na kidogo, na rekodi hiyo ilikaa peke yake hadi Manabu Kurita alipoifikia Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Wa kwetu ni wadogo kuliko hao kwa mbali. Kwa hiyo fimbo ya sangara au ya baharini, hata ukiipata kwa bei ya kutupa, usiichukue: haitarusha chambo cha gramu 10.

Hatua ya 1: Jua uzito wa chambo na mahali utakapokirusha

Pakiti nyingi za chambo bandia huandikwa kwa aunsi. Aunsi 1 ni gramu 28, nusu yake ni 14, robo ni 7, na ile 3/8 inayotumika sana ni kama gramu 10.5. Ukichukua mnyoo wa plastiki, hesabu mnyoo, ndoano na chubwi kwa pamoja. Mnyoo wa sentimita 15 peke yake unaweza kuwa na gramu 8 au zaidi, na watu husahau kuuhesabu.

Kwa Naivasha chambo hugawanyika hivi. Kuna vyepesi, gramu 5 hadi 10: minyoo ya plastiki yenye chubwi dogo au isiyo na chubwi kabisa. Kuna vya wastani, gramu 10 hadi 21: jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi), spinabeti (chambo chenye kibati kinachozunguka kikivutwa), na minyoo yenye chubwi la risasi lililochongoka kama tone, ambalo hupenya majani. Jigi ya kahawia au nyekundu iliyokolea ina maana hapa, kwa sababu kamba wekundu wenye asili ya Louisiana wameishi ziwani tangu 1970 na besi huwala sana. Kuna samaki bandia mwenye kidomo cha plastiki kinachomzamisha anapovutwa. Halafu kuna chura wa mpira anayepita juu ya gugumaji. Huyu uzito wake ni wa kawaida, gramu 14 hadi 20, lakini mahali anapofanyia kazi ni pagumu kuliko pote, na ndipo vifaa hubadilika kabisa.

Hatua ya 2: Chagua mshipi

Mshipi mnene hauwekwi kwa ajili ya nguvu za besi. Unawekwa kwa ajili ya kile atakachojizungushia akishanasa. Besi wa kilo moja na nusu akiingia kwenye mizizi ya gugumaji, hapo unavuta samaki pamoja na kapu zima la majani yaliyolowa.

Nailoni ni ya bei nafuu, inanyumbuka, na inasamehe makosa. Kunyumbuka huko ndiko kunakoifaa kwa samaki bandia mwenye ndoano za pembe tatu, kwa kuwa besi anapotikisa kichwa mshipi hupokea mshtuko badala ya ndoano kuchomoka mdomoni. Kwa mnyoo wa plastiki sifa hiyohiyo inakuwa hasara: ukipiga ndoano, yaani ukiinua fimbo ghafla ili imchome samaki, ukiwa mita 25 mbali, nguvu zako zinaishia kwenye mshipi.

Florokaboni huzama, hainyumbuki upesi kama nailoni, haichubuki ovyo kwenye mawe, na ndani ya maji ni vigumu kuiona. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoiongezea bei. Naivasha maji mara nyingi yana tope, hivyo usilipe pesa nyingi kwa ajili ya kutoonekana. Ilipie uzamaji na ugumu wa ngozi yake.

Mshipi wa kusuka ni mwembamba kwa nguvu zake, haunyumbuki karibu hata kidogo, na huelea. Hukata mashina laini kama uzi wa kushonea. Udhaifu wake ni mawe: ukisugua kwenye ukingo mkali, hukatika kabla hujahisi kitu.

Vipimo vya kuanzia (paundi ni uzito ambao mshipi huhimili kabla ya kukatika):

- Chambo vyepesi: mshipi wa kusuka wa paundi 10 hadi 15, ukiunganishwa na kipande cha florokaboni cha paundi 10, urefu wa mita 1.5 hadi 2.
- Jigi, spinabeti na minyoo yenye chubwi: florokaboni ya paundi 15, au mshipi wa kusuka wa paundi 40 ukiwa karibu na mafunjo.
- Samaki bandia wa kupiga mbizi: nailoni au florokaboni ya paundi 10 hadi 12. Ukitumia mnene zaidi hatafika kina chake, kwa sababu mshipi mnene husuguana na maji zaidi.
- Chura: mshipi wa kusuka wa paundi 50 hadi 65, ufungwe moja kwa moja bila kipande cha mbele. Florokaboni huzama na kumvuta chura pua chini.

Angalia pia mshipi umekaa wapi dukani. Nailoni iliyokaa dirishani ikipigwa na jua huchakaa ingali kwenye pakiti. Omba kuvuta mita moja ukiwa umezungusha kitambaa mkononi. Ikikatika kirahisi au ikiwa na unga unga, irudishe.

Hatua ya 3: Chagua fimbo

Juu kidogo ya mshikio kuna maandishi, na hayo ndiyo unayonunua. M ni ugumu wa wastani, MH ni juu ya wastani, H ni ngumu. Neno Fast humaanisha fimbo hupinda karibu na ncha tu. Moderate hupinda hadi katikati. Ugumu na mkunjo ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakomfanya mtu anunue fimbo ngumu ya H kwa samaki bandia mdogo, kisha akashangaa kila besi anachomoka.

Halafu kuna uzito wa chambo, mfano 1/4–3/4 oz (oz ni aunsi). Chambo chako cha kila siku kiangukie katikati ya kipimo hicho, kisiwe kwenye kingo. Fimbo hurusha kwa kupinda. Chambo chepesi mno hakiipindi, na kizito mno kinaweza kuivunja ncha.

Kwa vyepesi: fimbo ya spini (ya rili inayoning'inia chini, tazama Hatua ya 4), M, Fast, urefu wa sentimita 198 hadi 213. Kwa jigi na ndugu zake: MH, Fast, sentimita 213 hadi 221. Kwa chura: H, Fast, sentimita 221 au zaidi, kwa sababu kazi yake ni kumnyanyua samaki juu ya majani kabla hajapata nafasi ya kuzama. Kwa samaki bandia wa kupiga mbizi: M, Moderate, na hapa fimbo ya faibaglasi au mchanganyiko wake na kaboni ni bora kuliko kaboni tupu, ingawa ni nzito zaidi mkononi.

Kama unasafiri na matatu kutoka Nairobi, chukua fimbo ya vipande viwili. Ya kipande kimoja huhisi vizuri zaidi kwa kiasi kidogo sana, lakini mlango wa gari haujali hilo.

Kabla ya kulipa, chukua pamba kidogo uisugue ndani ya kila pete ya fimbo inayopitisha mshipi, ukiizungusha taratibu. Nyuzi za pamba zikishikwa, kuna ufa ambao jicho halikuuona, na ufa huo utaunyoa mshipi wa kusuka siku ya kwanza. Anza na pete ya nchani. Ndiyo hugongwa zaidi kwenye usafiri.

Hatua ya 4: Chagua rili

Kwa chambo vya chini ya gramu 10, rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Saizi 2500 inatosha; 3000 pia sawa. Upepo wa mchana wa Naivasha unapokupiga usoni, hii ndiyo haitakusumbua.

Kwa gramu 10 na kuendelea, rili ya ngoma, inayokaa juu ya fimbo na ambayo ngoma yake huzunguka unaporusha. Inalenga vizuri zaidi kwa sababu kidole gumba kinakisimamisha chambo popote, na inabeba mshipi mnene bila kuusokota. Kama hii ni seti yako ya kwanza maishani na una pesa ya moja tu, nunua spini ya M, usubiri. Rili ya ngoma ya bei ya chini kabisa ni mateso. Spini ya bei ya chini bado huvua.

Uwiano wa gia usikutishe. 7.1:1 maana yake ngoma huzunguka mara 7.1 kwa mzunguko mmoja wa mkono wa rili. Ngoma ya kipenyo cha milimita 34 ikiwa imejaa itavuta kama sentimita 75; yenye 5.4:1 itavuta kama 57. Kwa jigi na chura chukua 7 au zaidi, kwa kuwa unahitaji kuondoa ulegevu wa mshipi upesi kabla ya kupiga ndoano. Kwa samaki bandia mzito wa kupiga mbizi, 5 hadi 6 na ushee haichoshi mkono sana. Kama ni rili moja ya kila kitu, 7.1 au karibu na hapo.

Hatua ya 5: Jaza ngoma

Mshipi wa kusuka haushiki chuma kitupu. Utakaza breki mpaka mwisho, na bado mshipi wote utazunguka kwenye ngoma kama mpira mmoja. Watu hupeleka rili kwa fundi kwa shida hii, na rili ni nzima. Anza na nailoni ya bei nafuu, angalau mita 10, kisha unganisha mita 100 hadi 120 za mshipi wa kusuka. Mrusho wa kawaida hauvuki mita 40, hivyo hakuna haja ya kujaza mita 300 za mshipi wa bei.

Jaza ukiwa umeubana mshipi kwa kitambaa kilicholowa. Uliolegea utazama katikati ya mizunguko ya chini na kung'ang'ania hapo. Acha milimita 2 hadi 3 kutoka ukingo wa ngoma. Kwa spini, mshipi utoke kwenye kibunda kwa mwelekeo uleule unaoingilia kwenye rili. Ukiona unajisokota ukilegezwa, geuza kibunda upande wa pili. Na waya wa spini, ule unaofunguliwa ili kuachia mshipi, ufunge kwa mkono baada ya kila mrusho, usiufunge kwa kuzungusha rili.

Hatua ya 6: Fundo

Kwa mshipi wa kusuka, fundo la Palomar. Kunja mshipi sentimita 15 hivi, pitisha kikunjo kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, kaza taratibu. Florokaboni ikikazwa kavu huungua kwa msuguano na kukatikia palepale kwenye fundo. Kuunganisha mshipi wa kusuka na florokaboni, funga fundo la uni pande zote mbili: mizunguko 8 upande wa kusuka, 5 upande wa florokaboni.

Hatua ya 7: Weka breki, zote mbili

Rili ya ngoma ina breki ya kurushia na breki ya samaki. Kwa ile ya kurushia, ning'iniza chambo nchani, bonyeza kitufe cha kuachia, na kaza kifuniko kidogo kilicho upande wa mkono wa rili hadi chambo kishuke polepole na ngoma isimame kinapogusa chini. Kisha weka kidhibiti cha upande wa pili kwenye 7 au 8 kati ya 10, upunguze siku hadi siku. Ukibadilisha chambo, rudia. Mshipi ukijikoroga, usivute kwa hasira: kandamiza mkorogo kwa gumba, zungusha mkono wa rili mara mbili tatu, achia, vuta taratibu. Mikorogo mingi hufunguka hivyo.

Breki ya samaki ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, fimbo ikiwa imeinuliwa na kupinda, kwa sababu pete huongeza msuguano. Lenga robo ya nguvu ya sehemu dhaifu kuliko zote: kwa kipande cha paundi 10, ambacho ni kilo 4.5, breki iachie kwenye kilo 1.1 hivi. Kwa florokaboni ya paundi 15, kilo 1.7. Kwa chura na paundi 50 sahau robo. Kaza hadi usiweze kuvuta mshipi kwa mkono mtupu, kwa kuwa ukimwachia besi nusu mita ndani ya gugumaji, umempoteza. Rudi nyumbani, ulegeze breki ya samaki kabisa kabla ya kuhifadhi rili, la sivyo visahani vya ndani hubanana na safari ijayo breki itaachia kwa kushtukashtuka.