Jinsi ya Kuokoa Mifugo Kabla na Baada ya Mafuriko: Mwongozo kwa Maafisa Mifugo wa Kata

Mwezi Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifurika na kuingia katika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Katika maafa ya namna hii, kaya inayotegemea ng'ombe haihami kirahisi kama inavyodhaniwa ofisini, kwa sababu mfugaji ambaye akiba, mahari na ada za shule za watoto wake vyote vimo zizini atabaki na zizi lake hadi dakika ya mwisho, na mara nyingi familia yake itabaki pamoja naye. Kwa hiyo mpango wa kuhamisha mifugo ni sehemu ya mpango wa kuokoa watu, na haupaswi kusubiri mpaka watu wote wawe wamekwisha kuokolewa.

Mwongozo huu unamlenga afisa mifugo wa kata, ambaye ndiye mtaalamu aliye karibu zaidi na boma. Mifano inatoka bonde la Rufiji, lakini hatua zilezile zinafaa Kilosa na mahali pengine penye tambarare za mito.

Kazi ya kiangazi

Kazi iliyo kubwa kuliko zote hufanyika wakati ardhi imekauka. Tembea na mwenyekiti wa kila kitongoji, pamoja na wazee waliokwisha kuyaona mafuriko zaidi ya mara moja, ili wakuonyeshe maji yalifika wapi na ni miinuko ipi iliyobaki mikavu. Kisha jiulize miinuko hiyo ni ya nani. Bonde la Rufiji lina wakulima wa mpunga walioishi hapo kwa vizazi vingi, na lina wafugaji ambao wengi wao walifika baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu, maeneo ya malisho na ardhioevu mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007. Wafugaji hao hawakurithi mwinuko wowote, na njia ya kuufikia mara nyingi hupita katikati ya mashamba ya watu. Ng'ombe 300 wakipitishwa usiku wa manane katika shamba ambalo mwenyewe hajaafiki, kijiji kitapata ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya maafa yaliyopo. Njia ya mifugo, eneo la kuwakusanya na utaratibu wa kufidia mazao yatakayokanyagwa viafikiwe kwenye mkutano wa kijiji na kuandikwa katika muhtasari, mtendaji wa kijiji akiwepo. Kwa maoni yangu, muhtasari huo utaokoa wanyama wengi kuliko boti yoyote itakayoletwa baadaye.

Andaa pia daftari la mifugo: jina la mwenye boma, idadi ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, chapa au namba za hereni (vibandiko vya utambulisho masikioni), na maelezo ya rangi na pembe kwa wale wasio na alama. Wafugaji huwatambua ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi na umbo la pembe, na ushahidi huo unastahili kuandikwa, kwa sababu makundi yanapochanganyika juu ya kisiwa kimoja cha udongo mkavu, daftari ndilo litakaloamua nani achukue nani.

Chanjo nazo zina wakati wake. Homa ya bonde la ufa ni ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwaambukiza watu pia. Chanjo zake hai zinazotokana na aina ya virusi iitwayo Smithburn zinaweza kusababisha wanyama wenye mimba kuzitupa, na mwili wa mnyama huhitaji muda kujenga kinga, hivyo kundi lichanjwe mapema na wenye mimba watenganishwe. Kimeta, chambavu (ugonjwa wa bakteria unaovimbisha misuli ya ng'ombe) na kichaa cha mbwa viingie katika ratiba hiyohiyo ya kiangazi.

Maji yanapopanda

Usitegemee mvua ya kijijini kwako peke yake. Maji ya Rufiji hutoka mbali, kwenye mito Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na mto unaweza kujaa chini ya anga lisilo na wingu. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa mikoa ya juu ya bonde pia, pamoja na taarifa za kufunguliwa kwa maji katika Bwawa la Julius Nyerere, bwawa la umeme lililojengwa kwenye Mto Rufiji wenyewe. Onyo linapotolewa, hamisha kwanza wanyama wenye mimba, ndama, wagonjwa na wazee, kwa kuwa hao ndio watakaoshindwa maji yakifika magotini.

Mfugaji akikosa muda wa kuwahamisha, afungue zizi na kukata kamba zote. Ng'ombe anaweza kuogelea, na kundi humfuata kiongozi wake, lakini mnyama aliyefungwa shingoni hana nafasi yoyote. Mbuzi, kondoo na ndama wasafirishwe kwa mtumbwi wakiwa wamelalia kifua, wasilazwe ubavu wala mgongo kwa muda mrefu, kwa sababu mnyama anayecheua akilala hivyo gesi hujaa tumboni na kumuua. Asitumwe mtu kuingia majini kumfuata mnyama: mto huo una mamba na viboko, na mkondo wa mafuriko hubeba magogo yasiyoonekana.

Siku za kwanza kwenye mwinuko

Maji safi ya kunywa hutangulia chakula, ingawa wanyama wamezungukwa na maji, kwa kuwa maji ya mafuriko yamechanganyika na vinyesi, mizoga na dawa za mashambani. Chakula cha kwanza kiwe majani makavu au mabua. Kosa linalofanywa kwa nia njema ni kumpa ng'ombe mwenye njaa debe la mahindi au pumba, kumbe tumbo lililokaa siku kadhaa bila kitu hugeuza wanga huo kuwa tindikali na mnyama hufa akiwa ameshiba. Nafaka iliyolowa ghalani isigawiwe kabisa, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Kagua kwato kila siku, kwani kusimama kwenye tope huleta kuoza kwa kwato.

Mizoga izikwe mbali na visima, katika shimo lenye kina cha angalau mita 2, na pale ambapo maji ya ardhini yako karibu sana ichomwe moto. Ukiona mzoga unaotoka damu isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, shuku kimeta na usiruhusu mtu yeyote kuupasua au kuuchuna, kwa kuwa vimelea vyake vikishafika udongoni hudumu miaka mingi.

Wiki zinazofuata

Hapa ndipo misaada huanza kupungua na watu kurudi nyumbani, na hapa ndipo hatari kubwa huanza. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes hukaa ardhini kwa miaka yakiwa makavu, mengine yakiwa na virusi vya homa ya bonde la ufa ndani yake, na mafuriko huyaangua yote kwa pamoja. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mnamo 1931. Mvua kubwa za 1997 hadi 1998 ziliuleta upya Afrika Mashariki, na mlipuko ulioanza Garissa mwishoni mwa 2006 ulifika Tanzania mapema 2007, ambako Dodoma iliumia kuliko mikoa mingine na zaidi ya watu 100 walifariki nchini.

Dalili ya kutazama ni kutupa mimba kwa wingi katika kundi moja, kukifuatana na vifo vya wana-kondoo na watoto wa mbuzi. Miongoni mwa wana-kondoo wachanga walioambukizwa, zaidi ya asilimia 90 wanaweza kufa, wakati kondoo wakubwa wengi hupona. Pita kila boma kila wiki na uulize swali moja bila kuchoka: nani ametupa mimba? Yakipatikana matukio matatu au manne katika kundi moja, toa taarifa siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo wa wilaya, kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inavyotaka, ili sampuli zifike Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Wakati huohuo mjulishe mganga wa zahanati, kwa sababu mgonjwa wa homa aliyechinja au kuzalisha mnyama wiki hiyo asidhaniwe kuwa na malaria tu.

Vaa glavu, miwani na mabuti unaposhika mimba iliyotupwa, na wafundishe wafugaji wasiishike kwa mikono mitupu wala kuwatupia mbwa. Uchinjaji holela usimamishwe, maziwa yachemshwe, na chanjo ya sindano moja kwa kundi zima isifanywe tena, kwani sindano itahamisha virusi kutoka mnyama hadi mnyama.

Mbwa waliopoteza wenyewe nao huzurura kambini wakitafuta mabaki. Wasipewe sumu, maana kuwaua hakumalizi kichaa. Wachanjwe hadi wafike angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo hilo. Mtu aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi zahanati kupata chanjo.

Madalali watakuja wakitaka kununua ng'ombe waliodhoofika kwa bei ya kutupa. Mshauri mfugaji auze wachache, ikibidi, kabla hawajakonda, na abakize majike wenye uwezo wa kuzaa. Kuhusu wanyama wapya wa kufidia waliokufa, usikubali waingizwe kijijini wakati mbu bado wametanda na karantini haijaondolewa. Waingie malisho yakisharudi na baada ya kukaguliwa na kuchanjwa, kila mmoja akiandikwa katika daftari lilelile la kiangazi.