Jinsi ya Kuchora Bendera ya Kenya Ukutani kwa Vipimo Sahihi

Sikukuu ya Madaraka inapokaribia, shule nyingi za Kisumu na viunga vyake huita fundi wa rangi achore bendera ya taifa ukutani, na kinachoharibika mara nyingi si ngao bali ile milia miwili myembamba myeupe, ambayo hunenepeshwa kupita kiasi au husahaulika kabisa.

Anza na vipimo. Urefu wa bendera ni mara moja na nusu ya kimo chake. Ukichagua kimo cha sentimita 100, urefu utakuwa 150, nacho kimo kitagawanyika hivi kutoka juu: nyeusi 30, nyeupe 5, nyekundu 30, nyeupe 5, kijani 30.

Paka eneo lote rangi nyeupe kwanza, mara mbili, kisha uliache likauke kabisa. Mwezi wa Mei, masika yakiwa hayajaisha, usiku mmoja huenda usitoshe. Ukuta ukishakauka, bandika tepu ya karatasi mahali pa milia myeupe, uikandamize kingoni kwa ukucha ili rangi isipenye, ndipo upake nyeusi, nyekundu na kijani. Bandua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, kwa kuivuta polepole, kwani ikikauka sana itang'oka na vipande vya rangi. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri hufaa kupakwa asubuhi.

Nyeupe hiyo ina historia ambayo mwalimu hapaswi kuiruka. Nyeusi, nyekundu na kijani zilitoka katika bendera ya KANU, chama cha Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Tom Mboya, ilhali nyeupe ilikuwa miongoni mwa rangi za KADU, chama cha Ronald Ngala na Masinde Muliro, yule ambaye uwanja wa Kanduyi, Bungoma, unaitwa kwa jina lake. Bendera ilipopandishwa rasmi tarehe 12 Desemba 1963, nyeusi iliwakilisha wananchi, nyekundu damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, kijani ardhi na mali yake ya asili, na nyeupe amani na umoja. Kwa maoni yangu, anayeuacha mlia mweupe ameacha nusu ya habari.

Ngao ya Kimaasai na mikuki miwili myeupe iliyopishana nyuma yake, alama za kuulinda uhuru huo, huja mwisho. Kunja karatasi ngumu katikati, chora nusu ya ngao, ukate, uifunue: pande zote mbili zitalingana. Iweke katikati kabisa ya bendera, kichwa chake kikiingia katika nyeusi na kitako katika kijani, ncha za mikuki zikielekea juu. Mchoro wa kufuatiza, pamoja na mpangilio wa rangi za ngao, umo katika Jedwali la Pili la Katiba ya 2010. Uchapishe, umpe fundi kabla hajafungua mkebe wa kwanza.