Ukiitwa kibarua cha siku kwenye mzigo wa hatari

Nimefanya vibarua vya kupakua makontena Dar es Salaam miaka sita. Nyapara akikuita, usianze na malipo. Uliza kwanza: mzigo gani?

Kisha zunguka kontena mwenyewe. Tafuta kibandiko cha pembe nne kilichosimama kwa ncha. Fuvu na namba 6 chini ni sumu. Ukikuta pia namba 1689, hiyo ni sianidi ya sodiamu, ile ya migodi ya dhahabu. Cha bluu chenye mwali wa moto na namba 4 ni mzigo usiotakiwa kuguswa na maji. Pipa la kabaidi, kemikali ya kutengenezea gesi ya kuchomelea vyuma, likiingia maji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo mvua ikianza kazi isimame, hata nyapara apige kelele.

Mlangoni ukiona tangazo la kufukiza dawa, yaani gesi ya kuua wadudu, usifungue. Asubuhi moja mwenzangu alifungua akaingia palepale. Dakika chache tukamtoa anatapika, miguu haimbebi. Subiri mwenye kipimo cha gesi apime, aandike kwamba hewa ni salama.

Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Dai yenye chujio linalofaa mzigo huo, glavu na buti. Usipopewa, rudi nyumbani. Nguo za kazi vulia hukohuko, mtoto asikurukie ukiwa nazo.