Kugawana bili ya stima kwenye jengo la maduka: mita ndogo kwa kila mpangaji

Maduka manne hapa Malindi, mita moja ya Kenya Power, na kila mwisho wa mwezi ugomvi ni uleule: kinyozi analipa sawasawa na mwenye friza tatu za samaki. Mita ndogo huumaliza ugomvi huo, lakini nyaya ziwe sawa kwanza, na mkubaliane mapema nani atalipia uniti zisizo na mwenyewe. Wengi hukimbilia dukani kununua mita kabla ya hayo mawili.

Hatua ya 1: Jua kila laini inakokwenda

Hapa tumia hata siku nzima. Zima breka moja kwenye bodi, zunguka duka hadi duka, andika kilichozimika. Washa, nenda ya pili. Majengo ya zamani yaliyogawanywa vyumba mara mbili tatu yana mambo. Niliwahi kukuta friza ya muuza samaki inakula stima ya mama mshonaji wa jirani, na wote wawili hawakujua. Ningefunga mita siku ile bila kukagua, ningembebesha yule mama deni la friza, tena kwa ushahidi wa namba.

Fuata nyutro pia, yaani waya unaorudisha stima kwenye bodi. Kila duka liwe na nyutro yake kutoka kwenye bodi. Ikichanganywa kati ya maduka mawili, mita inaweza kusoma vibaya.

Hatua ya 2: Mita yenyewe

Duka dogo latosha mita ya fezi moja, volti 240, ya kubana kwenye reli ya chuma iliyo ndani ya boksi. Ampea zake zisiwe chini ya za breka. Tafuta iliyoandikwa 1000 imp/kWh: taa yake ikipepesa mara 1000, uniti moja imekwisha. Ongeza mita moja ya vitu vya pamoja kama pampu ya maji na taa za ngazi.

Chumvi ya bahari hula shaba. Nunua boksi lenye mfuniko wa mpira, na usiliweke kwenye ukuta unaopigwa na kusi.

Hatua ya 3: Kufunga

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta. Mita ndogo hukaa baada ya swichi kuu. Mita ya Kenya Power na lakiri yake haviguswi. Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa, kisha unganisha. Skrubu zikazwe barabara, maana iliyolegea hupata moto.

Hatua ya 4: Jaribu

Zima kila kitu dukani: taa ya mita isipepese. Kisha chomeka pasi baridi ya wati 1000 na uhesabu dakika moja. Utapata mipepeso kama 17. Ukipata 8 au 30, kuna kosa.

Hatua ya 5: Hesabu

Usitumie bei ya uniti iliyo kwenye bili peke yake, kwa kuwa juu yake kuna gharama ya mafuta, tozo na VAT ya 16%. Chukua jumla ya bili, gawanya kwa uniti zote. Tuseme bili ni shilingi 21,600 kwa uniti 720: kila uniti ni shilingi 30.

Mita za maduka zinasoma: samaki 410, kinyozi 96, saiba 88, mshonaji 84. Jumla 678. Zimebaki 42, ambazo ni pampu, ngazi na kinachopotea njiani. Hizo ni shilingi 1,260. Mkigawana sawa, kila mmoja 315. Kinyozi atalipa 2,880 na 315, yaani 3,195. Mwenye samaki, 12,615. Mwenye nyumba asiongeze hata shilingi juu yake. Akiongeza, hakuna atakayeiamini mita tena.

Mita kuu ikiwa ya tokeni, pata bei ya uniti kutoka kwenye risiti za mwezi huo, na kila mpangaji aweke akiba mapema, kwa sababu mmoja akichelewa wote watakaa gizani.

Someni mita zote saa ileile, mita kuu ikiwemo, wapangaji wakiwepo, na mpige picha. Zile 42 zikiruka hadi 90 ilhali pampu haijabadilika, rudini hatua ya 1: kuna waya umeunganishwa kabla ya mita.